AHMAD BIN MAJID: Mwalimu wa bahari aliyeisoma mbingu



Ndugu msomaji, mkazi yeyote wa Mwanza anajua kwamba mwezi unapokuwa gizani, Ziwa Viktoria huwaka taa. Wavuvi wa dagaa hutoka na mitumbwi yao baada ya jua kuzama, na ukisimama juu ya mawe ya Kirumba au Capri Point unaona mstari wa taa majini kama mji wa pili. Mwezi unapokuwa mpevu taa hizo hupungua, kwa sababu dagaa hawavutwi na taa pale ambapo ziwa zima limeng'aa. Kwa hiyo mvuvi wa ziwani, hata kama hakukaa darasani siku nyingi, anaihesabu miandamo ya mwezi kuliko wengi wetu tunaoisubiri Ramadhani na Idi tu.

Lakini juu ya taa zile kuna taa nyingine ambazo wachache siku hizi wanazitazama. Watoto wetu wanayajua majina ya wachezaji wa mpira wa Ulaya, wala hawajui nyota inayotua mbele ya mlango wa nyumba yao. Ijumaa ya leo tunamkumbuka mja mmoja aliyeishi zaidi ya miaka 500 iliyopita, ambaye nyota zilikuwa kitabu chake cha kila usiku, na ambaye upwa wetu wa Afrika Mashariki ulikuwa sehemu ya kazi yake. Huyu ni Ahmad bin Majid, aliyeitwa Simba wa Bahari.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Jina lake kamili ni Shihabuddin Ahmad bin Majid, na nisba yake ni An-Najdi, kwa kuwa asili ya ukoo wake ni Najd katika Bara Arabu. Yeye mwenyewe alizaliwa Julfar, bandari iliyokuwa mahali panapoitwa leo Ras al-Khaimah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Aliishi katika karne ya 15, na wanahistoria wengi wanakadiria kuzaliwa kwake katika miaka ya 1430 au kabla kidogo.

Hakuingia baharini kwa bahati. Babu yake alikuwa mwongozaji wa vyombo, na baba yake vilevile. Baba yake alikuwa bingwa wa Bahari ya Shamu, bahari yenye miamba mingi iliyofichika chini ya maji, na alitunga utenzi mrefu wa kuwaelekeza mabaharia njia zake. Mtoto Ahmad alikulia basi katika nyumba ambamo elimu ilihifadhiwa kwa njia mbili, kwa kuhifadhiwa kichwani kama shairi na kwa kujaribiwa mkononi kama usukani.

Hapa pana fundisho la kwanza kwa sisi wazazi. Elimu ya Ibn Majid haikuanzia katika chuo kikubwa. Ilianza kwa baba aliyemchukua mwanawe usiku, akamwonyesha nyota, akamtajia jina lake, na kesho yake akamuuliza tena.

MWALIMU WA CHOMBO

Katika vyombo vya Bahari ya Hindi palikuwa na watu wawili wenye mamlaka. Nahodha alikuwa mkuu wa chombo na mali yake. Mwalimu, kwa Kiarabu muallim, ndiye aliyejua njia: chombo kielekee wapi, kiko wapi sasa, na nchi kavu iko umbali gani. Neno hilihili ndilo tunalomwita leo anayefundisha watoto shuleni. Wazee wetu wa pwani walimwita mwongozaji wa jahazi mwalimu, maana maisha ya watu wote chomboni yalikuwa katika ujuzi wake.

Ibn Majid alifikia daraja ya juu kabisa katika kazi hiyo. Kabla yake walisifika watu watatu wa zama za Bani Abbas, nao ni Muhammad bin Shadhan, Sahl bin Aban na Layth bin Kahlan. Mabaharia waliwaita simba watatu. Ibn Majid aliwaheshimu na akajihesabu kuwa wa nne baada yao, lakini hakusita kuonyesha upungufu wao. Kwa maoni yake, wale watatu walikuwa watungaji zaidi kuliko wasafiri. Waliwauliza mabaharia habari za bandari na pepo, wakaziandika walivyosikia, bila ya kuzipima wao wenyewe baharini.

Yeye alishika njia nyingine. Kila alichokirithi kwa babu na baba alikijaribu upya. Kilichothibiti alikibakisha, na kilichokosewa alikisahihisha, hata kama kosa lilikuwa la mzazi wake. Aliporudi nyuma kuzitazama kazi zake za ujanani, nazo alizirekebisha vilevile. Adabu hii ya kumheshimu aliyetangulia bila ya kumfuata kwa upofu ni adabu ya wanavyuoni wakubwa wa kila fani.

Pamoja na ujuzi huo hakuisahau dini yake. Katika maandishi yake aliwausia mabaharia wapande chomboni wakiwa na tohara na wadumu katika kumkumbuka Mola wao, kwa kuwa aliye katikati ya bahari hana mwenyeji mwingine. Aliwausia pia wakague chombo kabla ya kung'oa nanga, wapunguze usingizi, wawe na subira, na wasikilize maneno ya abiria na wenzao bila ya kuacha uamuzi wao kwa kila msemaji.

NYOTA, VIDOLE NA DIRA

Msomaji atauliza: mtu aliyeko katikati ya maji, haoni mlima wala mti, alijuaje alipo?

Jibu ni kwamba alipima kimo cha nyota. Iko nyota moja upande wa kaskazini ambayo haihami sana mahali pake usiku kucha. Mabaharia wa Kiarabu waliiita Jaah. Mtu akiwa Julfar huiona imesimama juu ya upeo wa macho kwa digrii 26 hivi. Akisafiri kuelekea kusini, kila siku nyota ile huteremka kidogo. Basi kimo cha nyota kilikuwa ndicho kipimo cha umbali wa chombo kutoka kusini au kaskazini.

Kipimo chenyewe kilikuwa kidole. Nyosha mkono wako mbele, simamisha vidole kwa ubavu juu ya mstari wa upeo wa macho, kisha hesabu ni vidole vingapi mpaka kwenye nyota. Wanafalaki wa baharini waliligawa duara zima la mbingu kuwa vidole 224, kwa hiyo kidole kimoja ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Kwa kuwa vidole vya watu havilingani, walitengeneza vibao vya mbao vya ukubwa uliopimwa. Baadaye ukaenea ubao mmoja wenye uzi uliotiwa mafundo, unaoitwa kamali. Mtu huuma fundo kwa meno, hunyosha uzi, na kuulinganisha ubao ili ncha yake ya chini iguse upeo wa maji na ya juu iiguse nyota. Kila fundo lilikuwa na bandari yake.

Tatizo lilikuja walipokaribia kwetu. Kusini mwa mstari wa ikweta ile Jaah huzama, haionekani tena. Mwanza iko digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo hata ukipanda jiwe refu kuliko yote hutaiona. Mabaharia wakahamia kwenye nyota mbili zinazoizunguka, Farqadani, na zilipokuwa chini mno wakahamia kwenye nyota za Na'shi, zile saba zenye umbo la kata, ambazo kwetu huonekana upande wa kaskazini jioni za mwezi wa Aprili na Mei. Ibn Majid aliyajua marekebisho yote hayo, na zaidi ya hayo alijua kwamba hata Jaah yenyewe haikuwa imesimama kwenye ncha halisi ya mbingu, bali huizunguka kwa duara dogo, na kwamba asiyehesabu tofauti hiyo hupotea.

Kwa upande wa mwelekeo, walikuwa na dira yenye mielekeo 32, na kila mwelekeo ulipewa jina la nyota inapochomoza au inapotua. Mashariki halisi ni machomozo ya Tair, na kusini kidogo ya mashariki ni Jauza, na upande wa kusini ni Akrabu, Suhaili na nyinginezo.

UPWA WETU KATIKA KAZI ZAKE

Ibn Majid alitunga kazi karibu 40 zilizotufikia, na nyingi ni za kishairi ili mabaharia wazihifadhi kwa urahisi. Ule wa mwanzo wenye tarehe ni utenzi wa Al-Hawiya wa mwaka 866 Hijiria, yaani 1462, wenye mistari zaidi ya 1,000. Kitabu chake kikubwa cha nathari ni Kitabul Fawaid, cha mwaka 895 Hijiria, yaani 1489 hadi 1490. Ndani yake kuna faida 12, zikiwemo habari za asili ya usafiri wa baharini tangu safina ya Nabii Nuh (A.S.), vituo 28 vya mwezi, mielekeo ya dira, vimo vya nyota katika bandari, na misimu ya pepo.

Utungo wake mmoja unaitwa As-Sufaliyya, na unahusu safari za kwenda Sofala, bandari ya dhahabu iliyoko katika Msumbiji ya leo. Anayesafiri huko hupita Mogadishu, Barawa, Malindi, Mombasa, Unguja na Kilwa. Miji hiyo ya mababu zetu ilikuwa imeandikwa kwa vidole vya nyota kabla Mzungu hajaiona.

Athari ya elimu hiyo bado imo vinywani mwetu. Tunapoutaja upande wa kusini kwa neno suheli, tunaitaja nyota ya Suhaili. Kamusi zetu zina neno jaa kwa maana ya kaskazini, na hiyo ni ileile Jaah. Matlai, upepo wa mashariki, ni neno la machomozo ya nyota. Hata hesabu ya siku za kusafiri aliyoitumia Ibn Majid, inayoanzia siku ya Nairuzi, ndiyo iliyoachia alama katika Mwaka Kogwa unaosherehekewa hadi leo Makunduchi, Unguja.

Kadhalika alitunga utenzi wa kuwasaidia watu kuijua kibla katika nchi mbalimbali za dunia. Kwa mtu anayehama bandari moja hadi nyingine, kibla hakikuwa upande mmoja wa siku zote, kwa hiyo alihitaji elimu.

TUHUMA YA MALINDI

Sasa tunafika kwenye jambo zito katika sira ya mtu huyu. Waliosoma historia shuleni wengi wamefundishwa kwamba Ibn Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498, na hivyo akawafungulia Wareno mlango wa Bahari ya Hindi. Maneno hayo si madogo. Miaka saba tu baadaye, mwaka 1505, Kilwa na Mombasa ziliporwa na Mombasa ikachomwa moto. Anayetuhumiwa kuwa aliwaleta waliofanya hayo anabebeshwa mzigo mkubwa.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat, aya ya 6, anatuamrisha kuhakikisha habari inapotufikia, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Amri hiyo haibagui walio hai na waliokufa. Basi na tuihakikishe habari hii.

Da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 na akafika Calicut tarehe 20 Mei. Wareno wenyewe waliandika kwamba mfalme wa Malindi aliwapa mwongozaji. Lakini waandishi wao walisema mtu huyo ni wa Gujarati, nchi ya India, na wakamtaja kwa lakabu ya Malemo Kanaka. Malemo ni mwalimu, neno letu lilelile. Kanaka ni neno la Kihindi la mjuzi wa hesabu za nyota. Kwa hiyo hicho ni cheo, na hakuna hata mmoja wao aliyemtaja Ahmad bin Majid wa Julfar.

Jina la Ibn Majid liliingizwa na mwandishi mmoja wa Makka, Qutbuddin An-Nahrawali, katika kitabu chake cha historia ya Yemen, kilichoandikwa zaidi ya miaka 70 baada ya safari ile. Alidai kwamba Wareno walimlewesha Ibn Majid, naye katika ulevi akawaonyesha njia. Hakuwepo, wala hakuzaliwa wakati huo. Karne nyingi baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, mtafiti wa Kifaransa Gabriel Ferrand alizichapisha kazi za Ibn Majid na akayaunganisha maneno ya An-Nahrawali na mwongozaji wa Malindi. Kutoka hapo habari ikaingia katika vitabu vya shule.

Dhidi ya habari hiyo yako mambo kadhaa. Kwanza, njia ya Malindi hadi India haikuwa siri. Vyombo vya Gujarati na vya Waswahili viliipita kila mwaka kwa pepo za kusi. Pili, mwaka 1554 amiri wa bahari wa Dola ya Uthmaniya, Sidi Ali Reis, alitunga kitabu cha bahari kwa kutegemea kazi za Ibn Majid, naye alimsifu kuwa mkweli na mwaminifu kuliko waongozaji wote, bila ya kumtia doa lolote. Tatu, mtu aliyewausia wenzake tohara na dhikri chomboni ni vigumu kumsadikisha kuwa mlevi kwa neno la mtu mmoja wa baadaye. Kwa sababu hizo watafiti wengi wa zama zetu, akiwemo G. R. Tibbetts aliyekitafsiri Kitabul Fawaid kwa Kiingereza mwaka 1971, hawaikubali tuhuma hii.

Mzazi ambaye mwanawe ataleta nyumbani daftari lenye habari hiyo, na amweleze kwa upole yaliyo sahihi.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Utungo wake wa mwisho wenye tarehe ni wa mwaka 906 Hijiria, yaani 1500 au 1501. Kati yake na ule wa kwanza kuna miaka 40 ya Hijiria, yote ikiwa ya kupima, kuandika na kusahihisha. Baada ya hapo hasikiki tena, na inaaminika alifariki muda mfupi baadaye.

Watu wa bahari hawakumsahau. Mwaka 1854, Mwingereza Richard Burton aliposafiri kutoka Aden aliwaona mabaharia wakimsomea Fatiha Sheikh Majid, ambaye kwao ndiye aliyeivumbua dira. Dira ilikuwepo kabla yake, lakini heshima ile ilionyesha jinsi jina lake lilivyodumu kwa zaidi ya karne tatu na nusu. Burton huyo ndiye aliyefika Tabora pamoja na John Speke, na Speke ndiye aliyeendelea peke yake na msafara hadi Mwanza, akafika tarehe 3 Agosti 1858. Naye alijua alipo kwa kupima jua na nyota. Elimu iliyomfikisha Mzungu ufukweni kwetu ilikuwa ya aina ileile ambayo mabaharia wa Kiislamu walikuwa wakiitumia karne nne kabla.

FALAKI SI RAMLI

Wako wazazi wanaoingiwa na wasiwasi mtoto anapotaka kutazama nyota. Wasiwasi huo una chanzo chake, kwa sababu katika Kiswahili tumelichanganya neno falaki na uaguzi. Anayepiga falaki, kwa mazungumzo ya mitaani, ni yule anayedai kumweleza mtu bahati yake, ndoa yake na maadui zake. Hiyo ni ramli, na Uislamu umeikataza.

Elimu ya Ibn Majid ni kitu kingine kabisa. Yeye aliiuliza nyota mahali alipo, hakuiuliza yatakayompata. Katika Suratul An'am, aya ya 97, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba amezifanya nyota ziwe uongozi katika viza vya bara na bahari. Na katika Surat Yunus, aya ya 5, anataja kwamba mwezi amewekewa vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Anayeitafuta elimu hiyo anazitazama alama ambazo Mola wake amemwelekeza kuzitazama.

KUTOKA KIDOLE HADI DARUBINI

Ibn Majid hakuwahi kushika darubini. Chombo hicho kilijitokeza Uholanzi mwaka 1608, zaidi ya miaka 100 baada ya utungo wake wa mwisho. Leo darubini ndogo inaweza kukaa uani kwa mtu wa kawaida. Lakini ye yote anayetaka kuanza na afuate mpango wa Ibn Majid: jicho kwanza, kisha kipimo, kisha chombo.

Katika Mwanza jua huzama karibu saa 12 na dakika 50 jioni mwaka mzima, na baada ya sala ya Isha kiza kimekamilika. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ina mbingu safi zaidi kuliko miezi ya mvua. Toka na watoto, zima taa za uani, na mpe jicho dakika 20 hadi 30 lizoee kiza. Kurunzi ifunikwe kitambaa chekundu, maana mwanga mwekundu hauliharibu jicho lililokwisha kuzoea. Jioni za Mei, karibu saa 3 usiku, watoto wataona jambo ambalo watu wa Ulaya hawalioni: Na'shi iko kaskazini na Msalaba wa Kusini uko kusini, zote mbili kwa kimo kinachokaribiana, kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Novemba hadi Februari watamwona Kilimia, ambaye wakulima wetu wamemtumia kujua msimu, na ambaye Waarabu humwita Thurayya. Wafundishe kupima kwa vidole. Wakiweza, wachonge kibao, wakitie uzi wenye mafundo, wapime kimo cha nyota ileile kila baada ya nusu saa na waandike daftarini.

Chombo cha kwanza kununua ni darubini ya macho mawili, ile iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Kwa hiyo Kilimia, ambaye jicho huona nyota zake sita au saba, huwa na makumi ya nyota. Hilali changa, ambayo katika nchi zetu hulala kama mtumbwi, huonekana wazi upande wa magharibi juu ya maji ya ghuba, jua likiwa limekwisha kuzama kabisa.

Ukifikia kununua darubini ya nyota, usidanganywe na sanduku lililoandikwa kwamba inakuza mara 500. Kinachofaa ni upana wa lenzi au kioo chake. Upana wa milimita 70 kwa lenzi, au 114 kwa kioo, unatosha kwa kuanzia, na ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara mbili ya hesabu hiyo ya milimita. Kinachofuata ni uimara wa miguu mitatu, maana chombo kinachotikisika hakionyeshi kitu. Chagua miguu ya kawaida, inayogeuka juu na chini, kulia na kushoto. Ile inayotengenezwa kulengwa kwenye nyota ya kaskazini inasumbua kwetu, kwa sababu nyota yenyewe haionekani Mwanza.

Mchana, elekeza darubini kwenye jiwe la mbali ng'ambo ya maji na ulinganishe kidarubini cha kulengea na darubini kubwa. Usiku anza na lenzi ya ukuzaji mdogo. Tazama mwezi unapokuwa nusu, pale mwanga unapopakana na kiza, ndipo milima na mashimo yake huonekana. Mushtarii ikiwa angani, utaona miezi yake minne mikubwa, ileile aliyoiona Galileo Januari 1610, imejipanga kama shanga. Zohali itakuonyesha pete zake. Umande wa ziwani ukiingia kwenye lenzi, usiupanguse kwa nguo, acha ukauke wenyewe kabla ya kufunika.

Na hili halina msamaha: darubini isielekezwe kwenye jua hata kwa nukta moja. Jicho litapofuka, wala mtoto hatasikia maumivu ya kumwonya.

Kwa jua iko elimu nyingine isiyohitaji darubini. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6 na dakika 27, jua husimama juu ya Al-Kaaba. Saa ya Makka na saa yetu ni moja. Simamisha fimbo ya mita moja wima uani. Kivuli chake, chenye urefu wa karibu nusu mita, kitaelekea kinyume cha kibla. Ukifuata kivuli kutoka ncha yake hadi kwenye fimbo, na ukaendelea mbele, hapo ndipo uelekeo wa Makka, ambao kwa Mwanza ni karibu digrii 15 mashariki ya kaskazini. Familia nzima inaweza kuchora mstari huo na kuulinganisha na msala wa nyumbani.

Ndugu msomaji, Ibn Majid alipokea kwa baba yake, akapima, akasahihisha, akawaachia wengine. Mnyororo huo umekatika katika nyumba zetu nyingi, na wa kuuunga upya ni mzazi anayetoka nje na mwanawe usiku wa leo akamwonyesha nyota moja, na kesho akamuuliza jina lake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ahmad bin Majid, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotazama wakazingatia. Amin.